Mupepo Chini ya Herufi K

Nyumbani kwangu siki haiingii. Mgeni akitaka kachumbari nitamkamulia limau, na asiyependa limau ale nyama yake kavu. Watu wameshanizoea, wanadhani ni vidonda vya tumbo. Nami nawaacha wadhani hivyo, maana ukianza kueleza kwamba harufu ya siki inakurudisha kwenye meza ya baba yako, ukiwa na miaka tisa na sindano mkononi, watakuona mtu wa makuu.

Juzi nilikwenda Gisenyi kumsaidia mama kufunga vitu vyake. Magoti yake yamegoma, na ile njia ya mawe ya kupandia kwetu haimtaki tena, kwa hiyo baada ya ubishi wa miaka mitatu amekubali kuja kukaa nami. Tukaanza na kabati la jikoni. Nikavuta kikaango, nikaangusha chupa iliyokuwa nyuma yake, na kabla sijaona ni chupa ya nini pua ilikuwa imeshajua. Nikakaa chini sakafuni, siki ikinilowesha kanga. Mama akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nikamwuliza ile ndege aliiweka wapi.

Hakuniuliza ndege gani. Alisema iko juu ya kabati la nguo, tumalize kwanza vyombo.

Ninyi wa rika langu mliokulia kule mnajua kwamba nyumba nyingi zilikuwa na Kiswahili zaidi ya kimoja. Yetu ilikuwa na viwili, na vilishindana kila siku mezani. Mama alizaliwa Karagwe, Tanzania, akasoma huko mpaka akawa mwalimu, na Kiswahili chake kilinyooka kama mstari wa daftari. Papa, yaani baba, alikulia Goma, Kongo, ng'ambo ya barieri ya mpakani, na chake kilikuwa cha huko: mutu, muzuri, maji iko, chakula iko, Mungu naye iko. Kinyarwanda kilikuwa cha majirani, cha shangazi na cha misiba. Lakini wao wawili walichumbiana kwa Kiswahili, basi ndicho kilichotawala sebuleni. Papa akisema "tosha hii sahani", maana yake iondoe, mama alimjibu kwamba ndiyo, sahani inatosha, wala hatuhitaji nyingine. Papa alicheka mpaka machozi. Hakubadilisha hata neno moja, na mama hakuchoka kumsahihisha. Mimi mtoto wao wa pekee nilivisikia vyote viwili, nikajiona bingwa.

Kazi ya Papa ilikuwa kuandika herufi. Saluni, famasi, milango ya malori, vibao vya shule: ukiona herufi iliyosimama vizuri, yenye kivuli chembamba cha bluu upande wa kulia, jua ni mkono wake. Asubuhi alivuka barieri na brashi zake zimefungwa kwa raba, jioni akarudi ananuka tina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Ujanani aliwahi kuandika namba kwenye ndege ndogo za mizigo pale Goma, na hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Alinieleza kwamba kwenye duka herufi ni pambo, lakini kwenye ndege ni jina. Ndege isiyo na herufi hairuki, hakuna anayeijua, haina kwao.

Kulikuwa na rubani mzungu aliyepanga nyumba jirani na yetu. Alipohama alimwachia Papa katoni la ndege za plastiki, zile za kuunganisha kipande kwa kipande kwa gundi. Nyingi zilikuwa zimepungukiwa vipande. Moja ilikuwa nzima, ya injini mbili, ndefu kuliko mkono wangu wa wakati ule. Papa aliiunganisha, akaipaka rangi ya kijivu isiyong'aa, kisha akatandaza mezani zile karatasi zenye herufi na nyota za majeshi ya watu. Yeye aliziita dekalko. Ni vibandiko vyembamba kuliko ganda la kitunguu: unavikata, unavilowesha, vinaachana na karatasi yake na kuhamia kwenye ndege. Nyota hakuzitaka. Alisema ndege hii ni ya kwetu, nayo itaandikwa kwa kwetu: 9XR, alama ya ndege za Rwanda, halafu herufi mbili, V ya Vestine, yaani mama, na K ya Karemera, yaani yeye. Hizo herufi hazikuwa pamoja popote. Ilibidi tuokote 9 kwenye karatasi hii, X kwenye ile, kama mtu anayechambua maharage, na zilipatikana za kutosha ubavu mmoja tu.

"Ya mama kwanza," alisema. "Yangu itakuwa ya mwisho."

Kisha akanifundisha kazi. Naikumbuka yote, naweza kuifanya gizani. Kwanza verni, yaani vanishi, ile ya maji inayong'aa, unaipaka mikono miwili, na kila mkono unausubiri mpaka kesho yake. Rangi isiyong'aa ukiitazama kwa karibu ni ukuta usiopigwa lipu, alisema, na dekalko ukiiweka juu ya ukuta kama huo italala kwenye vinundu na kuacha mashimo wazi chini yake. Mashimo hayo yanabaki na hewa, mwanga unaigonga, na pembeni mwa herufi panatokea weupe wa fedha. Papa aliuita sambaza, kwa sababu unang'aa sawasawa na wale samaki wadogo wa ziwani wa jina hilo wakianikwa. "Hii iko na sambaza," alisema, na ikawa imeshindikana, ing'olewe.

Baada ya verni unakata herufi karibu na ukingo wake. Unaitia kwenye sahani ya maji ya vuguvugu, unahesabu polepole mpaka thelathini. Huinyanyui, unaitelezesha. Mahali pa kuiweka umeshapalowesha kwa maji yenye matone machache ya siki, yeye akisema vinegre na mama akisema siki kutoka jikoni, na siki hiyo inailegeza dekalko ikubali kulala. Halafu unachukua kipande cha fulana kuukuu, unakandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni, polepole, unasukuma maji na hewa vitoke. Kikibaki kipovu unakichoma kwa ncha ya sindano, unadondoshea siki, unakipulizia pumzi yako ya joto, unakandamiza tena. Mwisho unaibeba ndege mpaka dirishani na kuilaza upande, ili mwanga uipige kwa mshazari. Mezani kila kitu ni kizuri, dirishani ndipo uongo unapoonekana.

Na wakati wote huo, akiinama juu ya mkono wangu, Papa alirudia maneno yale yale: "Tosha mupepo. Tosha mupepo yote, mama. Ikibakia hata kidogo, itaonekana."

Mimi aliniita mama, kama wanavyowaita mabinti kule. Na mupepo, kwa Kiswahili chake, ni upepo tu, ni hewa. Goma nzima inasema hivyo. Lakini mtoto wa mwalimu wa Karagwe alisikia nini? Alisikia pepo. Na pepo nilimjua vizuri. Kila Jumatano mama alinipeleka kwenye maombi ya akina mama, na pale niliona watu wakishikwa kichwa na kutikiswa, mchungaji akimkemea pepo atoke, na mtu akianguka chini mzima mzima. Kwa hiyo nilielewa, tena nilielewa haraka, nikajivunia: ule weupe chini ya herufi ni pepo. Ndiyo maana anaogopa mwanga wa dirishani, na ndiyo maana anatolewa kwa sindano na kitu kikali.

Labda yangeishia hapo, yakawa kichekesho cha kusimulia harusini. Lakini Papa alikuwa anakohoa. Kikohozi kilianza kama cha kila mtu msimu wa mvua, kikakataa kumtoka. Tuliyoyasikia usiku, mchana hatukuyasema. Mashavu yalibonyea, suruali ikahitaji tundu jipya la mkanda. Shangazi alipomwuliza ana nini, Papa alimjibu mbele yangu, akitabasamu: "Ni mupepo tu. Iliniingia mu kifua."

Basi. Nikajua.

Sikuwa mtoto mjinga, naomba mniamini. Nilikwenda kuhakikisha. Mama alikuwa anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu sikioni, nikamwuliza pepo akishamwingia mtu anatolewaje. Hakuinua macho. Alisema kwa maombi na kwa bidii, na kwamba asiachwe hata mmoja, maana ukimwacha mmoja anakwenda kuita wenzake na hali ya yule mtu inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kisha akanisifu, akasema vizuri, kuuliza si ujinga. Nikaondoka pale na kazi ambayo hakuna aliyejua kwamba nimeipokea.

Nilitoka shuleni mbio, gauni la bluu likiwa bado mwilini, nikaosha mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari. Papa alikuwa anabaki nyumbani siku nyingi sasa, anakaa kwenye kiti chenye mito, na mikono yake ilianza kutetemeka, hivyo mimi ndiye niliyebandika. Tisa ilikaa vizuri. X ilinitoa jasho, ina pembe nyingi. Niliombea kila kona, kimoyomoyo, nikikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni. Tulipoilaza dirishani, haikuwa na hata punje moja ya sambaza. Na wiki ile, wallahi, Papa alikohoa kidogo. Alitoka mpaka barazani, alikula ugali akaongeza, alimtania mama kuhusu sahani inayotosha. Mtoto angetaka ushahidi gani tena? R nikaibandika nikiwa naimba. V nayo ikalala kimya kama imechapwa hapo tangu kiwandani, na Papa akamwita mama aje aone jina lake. Mama alisema ni kazi nzuri ila ule muda ungetosha kwa hesabu zangu za kugawanya. Lakini alisimama pale kwa muda mrefu kuliko alivyotaka tujue.

Ilibaki K. Vumbi jeusi, lile la kwetu la volkano linaloingia hata mlango ukifungwa, lilikuwa limenasa kwenye verni mahali pake. Papa alipasugua kwa msasa laini, akasema atapaka verni upya kesho yake. Kesho yake asubuhi hakuweza kuinuka. Walikuja wajomba wawili wakamshika huku na huku, wakamteremsha ile njia ya mawe, kwenda hospitali. Alinipita mlangoni akanigusa kichwa. Nilikuwa nimenyolewa siku hiyo, nakumbuka ubaridi wa vidole vyake.

Ningengoja? Mimi nilijua ninachokijua. Jumapili ndiyo siku niliyoahidiwa kupelekwa kumwona, na nilitaka kwenda na kazi iliyokwisha. Kopo la verni nilipolifungua lilikuwa limekauka, limeota ngozi ngumu kama ya maziwa yaliyochemka. Nikajiambia siki itafanya kazi yake. Nikaiweka K juu ya ile sehemu iliyosuguliwa kwa msasa, na siki nyingi, siki ya kutosha kumtoa jini wa baharini.

Ikakauka. Nikaibeba dirishani. K nzima iliwaka sambaza, kutoka mguu hadi mguu.

Sijawahi kuogopa vile tena maishani, hata nilipojifungua. Nilichoma sindano, nikadondosha siki, nikapulizia pumzi, nikakandamiza. Nikarudia. Nilikemea kwa sauti, kama mchungaji, mlango nimeufunga. Nilichoma mpaka K ikawa chekecheo, na kila nilipoilaza penye mwanga yule pepo alikuwa pale pale, amekaa chini ya herufi ya baba yangu na si ya mtu mwingine. Dekalko nyingine yenye K haikuwepo. Nilitafuta katoni lote.

Jumapili niliifunga ndege kwenye sweta ya shule nikaiweka begini. Mama hakujua mpaka tulipofika. Papa alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, amekuwa mdogo, shingo imebaki mishipa. Alipoiona ndege uso wake ulifunguka. Akaipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa alikuwa fundi hata pale, akaigeuza kuelekea dirishani akailaza upande.

Niliyaona macho yake yakipita. Tisa. X. R. V. Yakafika K, yakasimama.

Huyu ni mtu aliyeng'oa kibao kizima cha famasi kwa sababu ya herufi moja iliyolala. Huyu hakuwahi kusamehe sambaza hata ya ukubwa wa punje ya mtama. Alinitazama, akaitazama tena ile K yenye matundu, akapumua kwa shida.

"Iko bien, mama," alisema. "Iko bien, iko muzuri sana."

Hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa. Hakuwa amekufa, alikuwa ananishika mkono, lakini mimi nilijua. Amemwona pepo, ameona sikuweza, na anaficha ili nisilie. Nilitaka aniambie nikaing'oe nirudie. Nilitaka anigombeze. Nilikaa pale nikiangalia viatu vyangu mpaka muda wa wageni ukaisha, na mama akafurahi kwamba siku hiyo nimekuwa mtulivu.

Alifariki Jumanne. Uani palijaa watu, wakasema Mungu ametwaa, wakasema mapafu yalichoka kwa tina na rangi za miaka yote ile. Nilipita katikati yao nikiwabebea viti. Nilijua amekufa kwa uzembe wa nani, na nilijua kwamba nikisema nitamkosa na mama pia. Nikanyamaza. Mtoto akiamua kunyamaza, jamani, hakuna mtu mzima anayeweza kumshinda.

Nilikuja kulielewa neno lile nikiwa sekondari kule Nyundo. Tulikuwa mstarini, tunangoja chakula, upepo ukapeperusha sketi zetu, na msichana mmoja aliyekulia Goma akashika yake kwa mikono miwili akasema, "Mupepo iko mingi leo!" Wenzake wakacheka. Mimi nikatoka mstarini, nikaenda chooni, nikalia mpaka kengele. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Miaka saba nilikuwa nimebeba kifo cha mtu, kumbe ni upepo. Mngedhani nilitua mzigo siku hiyo. Sikuutua. Akili ilielewa vizuri kabisa, lakini kila nikinusa siki mkono wangu unatafuta sindano.

Sasa turudi juzi. Vyombo vilipokwisha, mama alinielekeza nikapanda kwenye kiti, nikaishusha ndege. Ilikuwa imefungwa kwenye fulana ya Papa, ile tuliyokuwa tunaikata vipande; upande mmoja ulikuwa bado na mkono. Rangi ya kijivu imekuwa manjano kidogo. Injini moja imelegea. Tukakaa kitandani, ndege katikati yetu, na sijui ni siki iliyokuwa bado kwenye kanga yangu au ni kule kuhama, nikajikuta nimemweleza mama yote. Pepo, sindano, Jumapili ya hospitali. Nilieleza kwa sauti ya kawaida, kama ninayesoma orodha ya vitu vya kufunga. Alinisikiliza bila kunikata, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Ungeniuliza, mwanangu," alisema mwishoni.

"Nilikuuliza, Mama."

Hakukumbuka. Angekumbukaje? Alikuwa na madaftari hamsini siku hiyo. Aliniuliza alinijibu nini, na nilitaka kumdanganya, Mungu ananiona, lakini nilikuwa nimeshachoka kuficha. Nikamwambia: asiachwe hata mmoja. Mama akaweka kiganja kinywani. Baadaye akasema taratibu kwamba alidhani naulizia mambo ya kanisani. Nikasema najua. Akasema alikuwa anasahihisha kila neno la yule mwanamume, kila neno, miaka yote, na lile moja lililohitaji kusahihishwa likampita. Nikasema na hilo pia si kosa lake, na tukalia, kila mtu ametazama upande wake kama watu walionuniana.

Kisha akajifuta uso, akavaa miwani. Akaichukua ndege, akajiinua kwa yale magoti yake, akaenda dirishani. Sikujua kwamba aliwahi kutuangalia tukifanya vile. Aliilaza upande, mwanga ukaipiga kwa mshazari, na kutoka pale kitandani niliiona K ikiwaka, sambaza ile ile, haijapungua. Akaipitisha kidole. Akaigeuza, akaitazama tena.

Na yule mwalimu wa Karagwe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukiacha Kiswahili cha mume wake kipite bila kukitia wino mwekundu, akasema bila kugeuka:

"Ni mupepo tu, mama. Haina kitu ingine. Iko mupepo tu."

Nikamwomba aseme tena.